Eshapema imepasuka na sudire haiko karibu: namna ya kuiziba mwenyewe mu parseli

Gari ikianza kunguruma asubuhi mpaka parseli nzima inajua umetoka, na chini ya miguu unasikia ile pf-pf-pf inaongezeka kila ukikanyaga, mara nyingi ni tiyo ya eshapema, ile ya kutolea moshi ya motere, imepasuka fasi. Kwetu Goma haishangazi. Barabara za ndani ya kartie ni majiwe matupu, lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji ikaingia mpaka ziwani na leo tunaendesha juu yake, ukitoka Ndosho ao Majengo mpaka ufike Katindo chini ya gari inagongwa tu. Batu bengi banasema nitapeleka kwa fundi wa sudire siku umeme itakuwa sawa, wiki inapita, ingine inapita, kelele inazoeleka, na batoto banapanda nyuma kila asubuhi kwenda masomo. Hapo njo nataka tusemezane vizuri bandugu, juu hii kazi inawezekana nyumbani bila umeme na bila moto, na bintu bya kununua ku kenkayeri, na kama tiyo yenyewe bado ina nguvu inaweza kushika miezi.

Kelele si shida kubwa, shida ni moshi. Mu moshi ya motere kuko monoksidi ya kaboni, haina rangi, haina harufu, na ikiingia mu damu inashikamana nayo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mutu anapumua kama kawaida lakini mwili haupate hewa. Sisi ba Goma tunaweza kuelewa hii haraka juu tunajua mazuku, ile hewa inatoka mu udongo upande wa Bulengo na Lac Vert, inalala mu mashimo, asubuhi unakuta mbuzi ameanguka na hakuna alama. Ya mazuku ni dioksidi ya kaboni, ya eshapema ni ingine, lakini zote mbili zinamaliza mutu kimya kimya. Eshapema nzima inapeleka moshi nyuma kabisa, mbali na batu. Ikipasuka katikati moshi inatokea chini ya viti, na haya magari yetu ya okazyo sakafu zimetoboka, kauchu za milango zimechoka, inaingia. Tena mji wetu uko karibu metre 1500 juu ya bahari, usiku baridi inashuka na kila mutu anafunga vioo, hapo njo mbaya zaidi. Ukiwa mu gari kichwa kikaanza kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, ao mtoto anashikwa na usingizi usioeleweka, simama, fungua milango yote, bote bashuke bapumue nje, na mutu asipoamka vizuri peleka hospitali mara moja. Na mpaka siku utakapoziba, endesha vioo vikiwa wazi na kofri ya nyuma ifungwe vizuri kabisa, juu kofri ikibaki wazi gari inavuta moshi yake yenyewe ndani.

Sipingi sudire. Tiyo ikiwa nene na fundi akijua kazi, sudire inashinda yote niliyoandika hapa. Lakini tiyo nyingi za magari ya zamani zimeshakuwa nyembamba na kutu, fundi anafunga tundu moja moto inafungua zingine mbili pembeni, na cheche zinaruka karibu na tanki ya esanse. Kwa tiyo ya namna hiyo mi naona mansho ya bati na kolie, ni kusema bati inayozungushwa juu ya tiyo na kukazwa na mishipi ya chuma, ni kazi bora kuliko sudire, hata umeme ikiwepo.

Tuanze na kulala chini ya gari, juu hapo njo batu banaumia kuliko ku eshapema yenyewe. Gari ipoe kabisa, saa moja ao mbili, karibu na motere tiyo inaweza kupita digri 600 gari ikipanda mlima, na hata nyuma ku silensie, ile kopo kubwa ya kupunguza kelele, inatosha kukuchuna ngozi. Tafuta fasi iko sawa, na mu parseli nyingi za kwetu hiyo peke yake ni kazi. Vuta breki ya mkono, tia vitesi, zuia magurudumu yanayobaki chini mbele na nyuma. Inua na kriki, lakini usiingie chini ya gari inayobebwa na kriki peke yake, hata dakika moja, hata kichwa tu. Weka shandeli mbili, zile miguu za chuma za kubeba gari, na kama hauna omba kwa garaji ya jirani, hakuna mekanisie atakukatalia. Pine ya akiba ilaze chini ya ubavu wa gari kama kinga ya pili. Na ninaomba sana: usitegemeshe gari juu ya majiwe ya volkano. Najua tunajengea nyumba na kuta zote za mji ni hayo, lakini lile jiwe lina matundu ndani, likibeba uzito ku ncha moja linapasuka ghafla bila kuonya. Kuzuia magurudumu ndiyo, kubeba gari hapana. Tena kama unaishi upande wa ziwa, Himbi, Kyeshero, kwenda mbele mpaka Bulengo, usichimbe fosi ya kuingilia chini ya gari, juu hewa ya mazuku inaweza kujaa mule usiku na wewe unashuka asubuhi haujui kitu.

Sasa tafuta moshi inatokea wapi, kabla haujanunua hata kitu. Gari ikiwa bado baridi pitisha macho na toshi, tafuta doa nyeusi ya masizi, kavu, imesambaa sawa mutu amepuliza unga wa makaa, katikati yake kuko mstari mwembamba: huo njo mpasuko. Mara nyingi uko fasi tiyo inaingia mu silensie, pale pale sudire ya kiwandani inaishia, ao chini ya mkunjo fasi majiwe yanagonga. Ukikosa, mwambie mutu awashe motere nje, fasi yenye hewa, mwingine ashike kitambaa kizito kilicholowa na afinye ku mdomo wa eshapema sekunde 3 ao 4 tu, moshi itatafuta kutokea pengine na utasikia tsss. Unaweza pia kumwaga maji ya sabuni ku tiyo yote ikiwa baridi, motere ikiwaka tu fasi yenye tundu inatoa mapovu. Fanya haraka juu dakika chache tu tiyo inakuwa moto na sabuni inakauka. Piga alama na shoki.

Hapo lazima uamue kama hii ni ya kuziba ao ya kubadilisha, na usijidanganye. Chukua tirnevisi, sukuma na nguvu pembeni ya mpasuko, vidole viwili upande huu, vidole viwili upande ule. Ikigonga chuma na kurudi, sawa, endelea. Ikizama ao chuma inaanguka vipande vipande, ile tiyo imekwisha, pati ya kuzibia na bati hazina fasi ya kushika, tafuta kipande cha tiyo ku magari yaliyovunjwa. Fleksibo nayo, ile sehemu ya nyuzi za chuma zilizosukwa karibu na motere, usiizibe. Imetengenezwa kwa kucheza, kila pati utakayopaka itavunjika siku ya kwanza, inabadilishwa tu. Kolekteri ikipasuka, ile chuma nzito imefungwa ku motere yenyewe, pia si kazi ya pati: moto ni mingi, chuma inajitanua na kujikunja kila siku, na moshi ya pale inavutwa moja kwa moja mu hewa ya shofaji. Kingine ambacho bashofa hawaambiwi: mpasuko ukiwa mbele ya sonda, ile ya kupima oksijeni mu moshi, hewa ya nje inaingia mu tiyo, kompyuta ya gari inafikiri motere inakosa esanse inaongeza, na wewe unalaumu esanse ya kituo kumbe ni tundu dogo.

Kama mpasuko uko ku tiyo iliyonyooka ao yenye mkunjo mdogo, kutoka nyuma ya katalizeri, ile kopo ya kusafisha moshi, mpaka ku silensie, hiyo njo kazi yetu.

Ya kununua, ukienda Birere ao kenkayeri yoyote kubwa. Kwanza pati ya eshapema, inakuja mu kopo ao mu tibu, ni silikati ya sodiamu na unga wa madini ndani, inakauka kwa moto na kuwa ngumu. Gun Gum ni moja ambayo batu banaijua, kuko zingine. Finya kopo na kidole gumba kabla ya kulipa, ikiwa ngumu imekwisha kauka dukani, rudisha. Usikubali muuzaji akupe gundi ya chuma ya tibu mbili eti ni sawa, ile ya kawaida inaishia digri 200 na kitu, na silikoni nyekundu ni 300 hivi, tena silikoni ikiwa mbele ya sonda inaiua. Pili, kolie za chuma zenye skrubu, nne, isiyopata kutu kama mfuko unaruhusu. Zinaandikwa ukubwa, mfano 40-60. Tatu, brosi ya chuma na papye vere. Nne, glavu na miwani, juu utalala chini na kutu itaanguka usoni, jicho moja linatosha kuharibu wiki nzima.

Bati yenyewe haina haja ya kununua. Kopo kubwa la maziwa ya unga linatosha. Lakini pima na sumaku kwanza, ikishika ni chuma, endelea, isiposhika ni aluminiamu na hiyo si yetu, kopo za soda na bia ni aluminiamu, inayeyuka ku digri 660 na inalegea mbali kabla ya kufika pale. Bati ya nyumba pia mi sipendi, ina zinki inayoyeyuka ku digri 420 na ni ngumu kukunja vizuri. Kopo la maziwa ni jembamba, linafuata tiyo vizuri, na moto ya katikati ya eshapema linaivumilia. Kata mdomo na kitako, pasua ubavuni, unapata karatasi moja ya chuma. Kingo zake zinakata sawa wembe, vaa glavu.

Kupima tiyo ukiwa umelala chini ni shida, kwa hiyo zungusha uzi mara moja, kata, nyoosha ku rula. Uzi ukiwa na sentimetre 14, gawanya kwa 3.14, tiyo yako ina kipenyo cha sentimetre 4 na nusu hivi, kolie za 40-60 zitafaa. Bati ikate hivi: upande wa kuzunguka chukua uzi mara moja na nusu, hapa itakuwa 21, ili ijifunike vizuri. Upande wa urefu, chukua urefu wa mpasuko uongeze sentimetre 5 kila upande. Mpasuko wa sentimetre 4 unadai bati ya 14 kwa 21. Batu bengi banakata bati ndogo inayofunika mpasuko tu, na ndiyo sababu inatoka, juu kolie inakaa juu ya ugonjwa badala ya kushika chuma nzima ya pembeni. Kisha kunja bati mapema ku chupa ao ku kipande cha tiyo mpaka ikae yenyewe mviringo, ukingoja kuikunja chini ya gari utapoteza pati na moyo.

Halafu kusafisha, na hii sehemu njo inaamua kila kitu. Kwangua na brosi ya chuma mpaka kutu yote ianguke, kisha papye vere kuzunguka tiyo yote, si upande wa mpasuko tu, mpaka uone chuma inang'aa, sentimetre 6 ao 7 kila upande. Juu ya tiyo, upande unaotazama sakafu ya gari, batu banausahau kwa sababu hauonekane, ingiza papye vere kama mshipi uivute kulia na kushoto. Mafuta na oili osha na maji ya sabuni uache ikauke. Esanse hapana, wewe uko chini ya gari na matambara yenye esanse mkononi, hapana.

Kama una foreze, hata ile ya kuzungusha na mkono, toboa tundu la milimetre 3 ku kila mwisho wa mpasuko, pale pale mstari unaishia. Inaonekana ajabu kutoboa kitu unachotaka kuziba, lakini mpasuko unatembea kwa sababu ncha yake ni kali na nguvu zote zinakusanyika pale, ukiipa tundu la mviringo nguvu inasambaa na mpasuko unasimama. Angalia kwanza hakuna tiyo ya esanse ao ya breki nyuma yake. Hauna foreze? Usipige msumari, utaongeza mpasuko. Kata tu bati ndefu zaidi.

Sasa pati. Pati nyingi za namna hii zinataka chuma iwe na unyevu kidogo, soma kopo, kawaida unapitisha kitambaa chenye maji tu. Sukuma pati ndani ya mpasuko na kidole chenye glavu mpaka ijae, kisha tandaza tabaka jembamba kuzunguka, sentimetre 3 kila upande, milimetre 2 ao 3 ya unene basi. Usijaze sawa mutu anapiga plasta. Ikiwa nene, juu inakauka na ndani inabaki maji, moto ikija maji yanachemka, pati inavimba na kupasuka. Tandaza pia kidogo ndani ya bati.

Vika bati. Fasi bati inajifunikia, ule mwisho wake, uwe upande wa pili wa tiyo, mbali na mpasuko. Kolie mbili za kwanza karibu na kila ukingo wa bati, zingine mbili pembeni ya mpasuko, moja huku moja kule, si juu yake. Ile ya mbele kabisa ikae ukingoni kabisa ili majiwe yasipate fasi ya kuinua bati. Vichwa vya skrubu vigeuze ubavuni ao juu, ukiviacha chini jiwe la kwanza litavikata. Kaza moja kidogo, ruka ingine kidogo, zunguka hivyo, usimalize moja peke yake juu bati itakunjamana. Pati ikianza kutoka kidogo kidogo ku kingo kuzunguka tiyo yote, hiyo ni alama nzuri, bati imekaa. Panguza iliyotoka na kitambaa chenye maji.

Ku mkunjo, ao pale tiyo inaingia mu silensie na ukubwa unabadilika ghafla, bati ya kopo haikai vizuri, mule tumia bandeji ya eshapema, utepe wa kuzungushia tiyo. Inalowekwa mu maji, unaifinya, unazungusha ukianzia mbali na mpasuko, kila mzunguko ufunike nusu ya uliopita, ukivuta na nguvu. Zile zenye karatasi ya aluminiamu, hiyo inaenda juu, na waya yake. Mi naongeza kolie ku miisho yote miwili hata kama karatasi ya maelezo haisemi.

Acha ikauke nusu saa ao vile kopo inasema. Shusha gari, iwashe nje, mu hewa, iache izunguke polepole bila kukanyaga dakika 10 mpaka 15. Itatoa moshi kidogo na harufu ya kuungua, ni maji na vumbi vya pati vinatoka, haishangazi. Zima, iache ipoe kabisa, kisha rudi na tirnevisi ukaze kolie zote tena, utaona zimelegea, pati imekauka na kusinyaa na kolie zinazunguka nusu mzunguko bila shida. Wengi hawarudii hii, na bati yao inaanza kulia wiki ya kwanza. Usipite mu maji siku hiyo na usianze hii kazi mvua ikiwa inanusa, juu pati isiyoiva na moto inayeyuka mu maji, unarudi kukuta imeoshwa yote. Kesho yake tembea polepole kwanza, kisha panda mlima kidogo ipate moto ya kweli. Rudia jaribio la kitambaa ku mdomo wa eshapema: ukisikia kimya ku alama yako na motere inataka kufa, umeziba.

Tiyo ikiwa imekatika kabisa vipande viwili, bati ya kopo haina nguvu. Tafuta kipande cha tiyo kinachovaa juu ya ile ya zamani, sentimetre 15 hivi, kipasue na msumeno wa chuma ku kila mwisho, mikato miwili ya sentimetre 3, ili kikikazwa kifinye, weka pati ndani, ingiza pande zote mbili, kaza na kolie za U zenye bulo mbili. Silensie yenyewe ikitoboka ubavuni, safisha, pati, kipande cha bati, na kwa kuifunga chukua kolie mbili ao tatu uziunganishe mkia na kichwa zikuwe moja ndefu, zinakubali. Na moshi ikitokea fasi vipande viwili vinakutana na bulo, pale hakuna mpasuko, ni joenti yake, ile inakaa katikati ya vipande viwili kuzuia moshi, imeungua, mwagia bulo oili ya kulegeza usiku wa mbele, asubuhi fungua, badilisha joenti, umemaliza.

Kisha uliza kwa nini ilipasuka, juu ukiziba bila kujua hiyo utaziba tena pembeni. Kutu kwetu inakuja kutoka pande mbili. Litre moja ya esanse ikiungua inatoa karibu litre moja ya maji, gari ikitembea mbali yanatoka kama mvuke, lakini gari ya kutoka Himbi kwenda Birere na kurudi haipati moto ya kutosha, maji yanabaki mu silensie na kuila kutoka ndani. Silensie nyingi zina katundu kadogo chini ka kutolea maji, likizibwa na matope lizibue. Na nje, mvua yetu ina asidi ya moshi ya Nyiragongo na Nyamulagira, zaidi upande wa Sake na Masisi ambako upepo unaipeleka, batu ba kule banaona mabati ya nyumba yanavyokwisha haraka, na chuma chini ya gari ni vile vile.

Lakini sababu ya kwanza ni kauchu za kuning'iniza eshapema. Moja ikikatika tiyo inabaki inaning'inia ku ingine, kila jiwe inaruka na kushuka, na uzito wote unakunja ile sudire ya mbele ya silensie mpaka inachoka. Na hapo batu banafunga na waya. Waya ya siku moja kufika nyumbani, sawa. Lakini waya haichezi, inapitisha kila mtikisiko ya motere na ya barabara mu tiyo, na ndani ya muda mfupi unapata mpasuko mpya mbele ya ule uliozibwa. Shika mdomo wa eshapema ikiwa baridi, tikisa juu chini na kulia kushoto: inapaswa kucheza laini na kurudi fasi yake, bila kugonga sakafu. Ikigonga, ao ikishuka na kubaki, kauchu imekwisha. Angalia pia siporo za motere, zile zinaishikilia fasi yake, motere ikiruka sana ukiwasha inavuta eshapema yote nayo.

Ukikosa kauchu ya aina yako, nenda kwa fundi wa viatu anayekata pine za zamani, akukatie kipande kutoka ubavu wa pine, si fasi ya meno juu mule kuko nyaya nyingi za chuma, unene wa kidole, urefu sawa na ile ya zamani. Mpe ya zamani apime umbali wa matundu. Matundu yawe madogo kidogo kuliko chuma ya kuning'inizia, paka maji ya sabuni, sukuma na nguvu mpaka kichwa cha chuma kipite upande wa pili, na kauchu itashika yenyewe.